Nani Huzungusha Gurudumu? Injini Ndogo ya Mvuke na Ada ya Moto

Neno mfano hubeba mizigo mitatu kwa pamoja, kwa kuwa huitwa mfano kitu kinachofanana na kingine, huitwa mfano pia kielelezo kinachopasa kufuatwa, na huitwa mfano kisa kifupi ambacho kwacho vitabu vya dini hulidhihirisha jambo lisiloonekana. Injini ndogo ya mvuke, yaani mtambo wa kutosha juu ya meza ambao mtu huuunda nyumbani kwa tupa, jiliwa, keekee na mashine ya kukereza, huitwa mfano kwa maana ya kwanza, na wengi huishia hapo: huona kitu kidogo kilichofanana na kikubwa, wakakipenda kama wanavyolipenda jahazi la mti linalouzwa ufukweni Diani, wakapita. Makala haya yanashikilia kwamba maana hiyo ya kwanza ndiyo isiyoufaa mtambo huo hata kidogo, na kwamba anayeutazama kwa makini hukutana ana kwa ana na swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu walilibishania kwa karne nyingi, yaani swali la sababu: moto ukiwaka, maji yakachemka na gurudumu likazunguka, ni nani hasa aliyelizungusha?

Ufafanuzi wa mtambo wenyewe hauna budi kutangulia. Kuna chombo cha shaba nyekundu kilichozibwa pande zote, ambacho mafundi hukiita boila, na ambacho mwenyeji wa pwani atakielewa upesi zaidi akikiita birika, neno ambalo kwake ni chombo cha kuchemshia maji ya chai na pia ni hodhi la msikitini ambamo waumini huchota maji ya udhu. Chini ya chombo hicho huwekwa moto wa spiriti, wa gesi au wa makaa. Maji yanapochemka hugeuka mvuke, na kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi, mvuke uliofungiwa haukai bila kusukuma. Hutafuta njia kupitia bomba jembamba hadi kwenye silinda, yaani mwanzi wa chuma uliolainishwa ndani, ambamo kizibo kiitwacho pistoni huenda na kurudi. Valvu, ambayo ni mfano wa bawabu wa milango miwili, hufungua huku na kufunga kule kwa zamu. Na fimbo iliyoshikamana na pistoni huigeuza ile nenda-rudi kuwa mzunguko, kwa msaada wa gurudumu zito ambalo likishaanza kwenda halikubali kusimama ovyo. Sehemu nyingine zote, kuanzia pampu ya kuongezea maji hadi filimbi, ni nyongeza juu ya hizo.

Jahazi la kupamba kabati, hata likiwa na tanga la kitambaa na foromali yake, halina haja na upepo. Limemaliza kazi yake pale jicho lilipolitambua. Kidau ambacho mtoto wa Gazi au wa Vanga hukichonga kwa kisu na kukitia tanga la kipande cha gunia ni jambo jingine, kwa sababu kikiachiwa majini husukumwa na kusi ile ile inayoisukuma ngalawa ya wakubwa wake, na kikichongwa vibaya hupinduka kwa sababu zile zile zinazopindua chombo kikubwa. Injini ya mvuke ni ya jamaa ya kidau, tena bila hiari, maana hakuna moto wa kuigiza: moto wa kiberiti ni moto kamili, na tone la maji linalochemka linaunguza kidole sawasawa na pipa. Kilichopunguzwa katika mtambo huu ni chuma peke yake. Moto, maji na mvuke havikupunguzwa, wala havipunguziki, na kwa hiyo mtu anayeiwasha injini ya mezani haonyeshi jinsi mvuke unavyofanya kazi mahali pengine. Mvuke unafanya kazi pale pale mbele yake.

Kaunti ya Kwale, kwenye pwani hiyo hiyo, si ngeni kwa jambo hili la mvuke. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, hukata upande wa kaskazini wa kaunti hiyo, katika nchi ya Waduruma, ikipita Maji ya Chumvi, Samburu, Taru na Mackinnon Road. Nyika ya Taru ilikuwa mtihani kwa wajenzi kwa sababu injini ya mvuke hula kuni au mafuta lakini hunywa maji kuliko inavyokula, na hapo maji hayakuwapo, ikabidi yaletwe na treni yenyewe kutoka nyuma. Hata jina la Maji ya Chumvi lina habari kwa fundi wa boila, kwani maji yanapogeuka mvuke huondoka peke yake na kuiacha chumvi na chokaa nyuma, zikaganda kwenye kuta za shaba kama ukoko kwenye sufuria ya wali. Ndiyo maana anayeunda mtambo wake Diani au Tiwi, ambako visima vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, hufanya vyema kukinga maji ya mvua. Juu ya reli hiyo zilipita, hadi miaka ya 1970, injini za Garratt za daraja la 59, ambazo kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda 34 katikati ya miaka ya 1950 na ambazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na ushei, na hapakuwahi kuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Upande wa kusini, Ramisi, kiwanda cha sukari kilichoanza mwaka 1927 na kufa mwaka 1988 kiliishi kwa mvuke pia, kwa kuwa kiwanda cha miwa hujilisha chenyewe: makapi yaliyokamuliwa huchomwa chini ya boila, mvuke huchemsha maji ya miwa, na miwa mingine huletwa.

Wenyeji waliliona dubwana la reli wakaliita gari la moshi, na jina hilo lina funzo la kifalsafa ambalo halikukusudiwa. Moshi hauliendeshi gari. Moshi ni masazo ya moto yanayotupwa nje. Kinachoendesha ni mvuke, na mvuke halisi hauonekani. Anayelitazama birika linalochemka kwa utulivu ataona kwamba kati ya mdomo wake na lile wingu jeupe pana nafasi ndogo iliyo tupu machoni, na nafasi hiyo ndiyo yenye mvuke; wingu ni mvuke uliokwisha kupoa ukarudi kuwa vitone vya maji. Lugha basi ililiita gari kwa kile ambacho jicho lilikikamata, kama ambavyo akili ya mwanadamu huliita kila tukio kwa kile kilicholitangulia machoni, ikadhani imetaja sababu.

Kabla ya kulifikia swali la sababu, liko swali la sheria ambalo Mwislamu wa pwani ana haki ya kuliuliza, nalo ni kama inaruhusiwa kuunda kitu kinachofanana na chenye uhai, kinachopumua, kinachonguruma na kwenda. Hadithi mashuhuri za Mtume zinawaonya watengenezaji wa sanamu kwamba Siku ya Kiyama wataamrishwa kuvitia uhai walivyovitengeneza, na hawataweza. Jawabu la kisheria halihitaji maneno mengi. Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji mmoja kwenye miti na vitu visivyo na roho. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa nguzo ya masomo ya madhehebu ya Shafi katika pwani yote hii, aliuweka mpaka hapo hapo kati ya vyenye roho na visivyo na roho. Na imepokewa kwamba miongoni mwa vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha alikuwamo farasi mwenye mbawa, na Mtume alipoelezwa habari ya mbawa hizo alicheka. Injini haina roho wala haiigi mnyama yeyote, na kwa kipimo cha sheria ni halali kama ilivyo halali saa ya ukutani.

Lakini onyo la hadithi lina kina kuliko hukumu yake, na Kiswahili kinakipima kina hicho kwa vitenzi viwili. Kuumba, kitenzi ambacho siku hizi karibu chote kimeachiwa Mwenyezi Mungu, ni kuleta kiumbe. Kuunda, kitenzi ambacho pwani kilikuwa kwanza cha mafundi wa vyombo vya baharini, ni kuunganisha mbao zilizokwisha kuwapo mpaka zikawa chombo. Qurani inamtaja Nabii Isa akifinyanga umbo la ndege kwa udongo, akalipulizia, likawa ndege kwa idhini ya Mungu, na aya inalirudia neno la idhini kwa mkazo, ili msomaji asije akadhani kwamba pumzi ya mfinyanzi ndiyo iliyofanya kazi. Muundaji wa injini ndogo husimama mahali panapofanana na hapo kwa mbali sana, naye hana muujiza wowote: amefinyanga umbo la shaba, amelipulizia mvuke, na umbo limekwenda. Kwamba hakuumba ni wazi. Lililofichika ni lile alilolifanya.

Mwanazuoni aliyelichimba jambo hili kuliko wengine wote ni Abu Hamid al-Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, kiitwacho Tahafut al-Falasifa, yaani Kuporomoka kwa Wanafalsafa, suala la 17 linahusu pamba na moto. Wanafalsafa walisema kwamba pamba ikikutanishwa na moto lazima iungue, kwa kuwa kuunguza ni tabia ya moto. Al-Ghazali alijibu kwamba anayetazama huona mambo mawili tu, moto uliogusa na pamba iliyoungua baada ya kuguswa, na kwamba hakuna jicho lililowahi kuliona jambo la tatu, yaani ule ulazima unaoyafunga mawili ya kwanza. Kutukia pamoja na kitu si kutukia kwa sababu ya kitu. Moto ni kitu kisicho na uhai wala nia, na kisicho na nia hakitendi. Anayetenda ni Mwenyezi Mungu, ambaye ameweka ada ya kuiunguza pamba kila inapoguswa na moto, na ambaye hakuna kinachomzuia kuivunja ada hiyo, kama alivyoivunja wakati Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni.

Neno ada linastahili kutazamwa zaidi, kwa maana ni neno ambalo msomaji wa Kiswahili tayari analo kinywani, na hahitaji kulikopa upya kutoka Kiarabu cha vitabuni. Ada ni mazoea yanayotazamiwa kutimizwa. Ada ya mja hunena, husemwa, muungwana ni kitendo. Wanatauhidi wa madhehebu ya Ash'ari, ambayo ndiyo itikadi iliyofundishwa katika madrasa za pwani kwa vizazi, waliposema kwamba maumbile ni ada ya Mungu, hawakumaanisha kwamba maumbile ni ovyo. Walimaanisha kwamba uthabiti wa dunia ni wa namna ya ahadi, ambayo aliyeiweka anaitimiza bila kushurutishwa. Maji huchemka kwa digrii 100 ufukweni Msambweni na kwa digrii 94 hivi katika mwinuko wa Nairobi, leo kama jana, na muumini wa madhehebu hayo huuona uaminifu mahali ambapo mwanafizikia huona kanuni. Mwanafizikia na muumini wanaweza kuwa mtu mmoja.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliandika kitabu kizima kumjibu al-Ghazali, na katika suala hili alikuwa mkali. Kuziondoa sababu, alihoji, ni kuiondoa akili, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Kama moto hauna tabia ya kuunguza, basi hata neno moto halina maana, kwani vitu hupewa majina kwa tabia zake. Ni lazima kukiri kwamba ndani ya karakana hoja hii ina nguvu nyingi. Fundi anayechagua unene wa bati la shaba kwa ajili ya boila hawezi kusema kwamba shaba inaweza kuwa dhaifu au imara kama apendavyo Mungu asubuhi hiyo, kisha akamwita mwanawe asogee kutazama. Huchukua shaba anayoijua, akailehemu kwa fedha, wala si kwa risasi laini ambayo huyeyuka kwa joto dogo, akaweka valvu ya usalama inayoachia mvuke ukizidi, na kabla ya moto wowote huijaza boila maji baridi hadi juu na kuyasukuma kwa pampu mpaka mara mbili ya kanieneo itakayotumika, kwa kuwa maji, tofauti na mvuke, hayabanwi yakajikusanya, na boila yenye kasoro ikijaribiwa hivyo hutokwa na jasho au kupasuka kimya badala ya kulipuka. Kila hatua ya kazi hiyo ni ungamo kwamba vitu vina tabia.

Hata hivyo al-Ghazali alikuwa ameliona pingamizi hilo kabla ya kuambiwa. Alijiwekea mwenyewe mfano wa mtu aliyeacha kitabu nyumbani, na ambaye, kama hakuna ulazima wowote, hawezi tena kuwa na hakika kwamba kitabu hakikugeuka kijana au mnyama. Naye akajibu kwamba Mungu, pamoja na ada aliyoiweka, ametuumbia ndani yetu ujuzi kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei. Kwa hiyo anayeijaribu boila kwa maji baridi hapungukiwi na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Amefanya kama yule bedui aliyeelekezwa na Mtume amfunge ngamia wake kisha ategemee. Makala haya yanaona kwamba, kwa upande wa mikono, hakuna tofauti kati ya fundi wa Ibn Rushd na fundi wa al-Ghazali: watakata shaba ile ile kwa kipimo kile kile. Tofauti huja pale kazi inapokwisha na gurudumu linapozunguka, mmoja akasema nimeelewa, na mwingine akasema nimetimiziwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtambo mdogo ndio uwe darasa la mambo haya, na si Garratt ya tani 250. Jawabu limo katika tukio la Glasgow la majira ya baridi ya mwaka 1763 kuelekea 1764, ambapo James Watt, fundi wa vyombo vya kisayansi, alipewa na chuo kikuu cha mji huo kazi ya kuutengeneza mfano mdogo wa injini ya Newcomen. Injini kubwa za aina hiyo, ambazo ya kwanza yao ilifanya kazi mwaka 1712, zilikuwa zikivuta maji migodini kwa miaka 50 bila mtu kulalamika sana. Ule mfano, wenye silinda ya kipenyo cha inchi mbili, ulipumua mara chache ukakata roho, ingawa ulikuwa umefuata vipimo vya mkubwa wake kwa uaminifu. Watt hakuridhika kusema kwamba umeundwa vibaya. Alipima, akagundua kwamba silinda ilikuwa ikimeza mvuke mara kadhaa zaidi ya nafasi yake, kwa sababu kila pigo lilimwagiwa maji ya kuupoza mvuke na kuta za silinda zikapoa pamoja nao, na pigo lililofuata lililazimika kuzipasha moto upya kabla ya kusukuma chochote. Kasoro hiyo ilikuwamo pia katika injini kubwa. Ukubwa ulikuwa umeifunika. Mwaka 1765 alipata wazo la kuupoza mvuke katika chombo kingine kando, akalisajili mwaka 1769, na mengi ya karne iliyofuata yalitoka hapo, pamoja na reli ya Taru.

Sababu ya udogo kufichua kilichofichwa na ukubwa ni hesabu nyepesi ambayo hata hivyo inatisha kidogo. Chombo kikipunguzwa mara kumi kwa urefu, ngozi yake ya nje hupungua mara 100 lakini ujazo wake hupungua mara 1,000, na hivyo kila kikombe cha mvuke ndani yake huzungukwa na ukuta wa kupozea ambao ni mkubwa mara kumi kuliko ulivyokuwa. Bati la boila halina shida hiyo, kwa kuwa mwanzi mwembamba mara kumi wenye ukuta mwembamba mara kumi hustahimili kanieneo ile ile. Chuma hukubali kuwa mtoto. Moto haukubali. Tanuri likiwa dogo mno makaa huzimika, kwa kuwa kaa lina kimo chake cha chini ambacho chini yake halishiki moto vizuri. Maji nayo hayakubali: katika kioo chembamba cha kupimia kina cha maji ndani ya boila, maji hupanda na kung'ang'ania ukuta wa kioo, kiputo cha hewa hukwama katikati, na kioo humwambia mtazamaji uongo ambao katika injini kubwa kisingeusema. Ndiyo maana muundaji mzoefu hauigi mtambo mkubwa kwa kila kipimo, bali hutoboa mashimo makubwa kidogo kuliko yanavyopaswa, hunenepesha bomba la kioo, huifunika silinda kwa mti au nguo nene isipoe. Chuma amekishika yeye; vingine vyote inambidi avisikilize, na mtu anayedhani kwamba ameshika kila kitu mkononi kwa sababu kila kitu kinaenea mkononi hapati hata mzunguko mmoja.

Al-Ghazali aliwahi kutumia udogo kwa hoja hii hii. Katika Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakkul, anamtaja sisimizi anayetembea juu ya karatasi, akaiona ncha ya kalamu ikiiweusha, akadhani kwamba kalamu ndiyo mwandishi, kwa kuwa jicho lake halifiki kwenye vidole, sembuse mkono, sembuse mwenye mkono. Anayesimama karibu na Garratt ni sisimizi huyo: huona magurudumu yanayomzidi kimo, husikia kishindo, na hana mahali pa kusimama ambapo ataliona tukio zima. Anayeinama juu ya injini ya mezani amepewa kwa muda nafasi ya mwingine. Kwa mtazamo mmoja huona moto, birika, bomba, valvu, pistoni, fimbo na gurudumu, mnyororo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anaweza kulifuata swali kutoka pete hadi pete: gurudumu limezungushwa na fimbo, fimbo imesukumwa na pistoni, pistoni na mvuke, mvuke na joto, joto na moto, na moto? Moto uliwashwa kwa kiberiti, lakini kiberiti kilishikaje? Hapo mnyororo haujakatika mahali palipo na giza wala mbali; umefika kwenye kitu kinachowaka waziwazi chini ya pua yake, naye hana neno la kuongeza ila kwamba ndivyo moto ulivyozoea.

Lipo pingamizi lisilo la kitaalamu, na ni zito. Kinango, huko huko Kwale, ni nchi kavu, na huko zipo familia ambazo ndoo ya maji huzigharimu mwendo mrefu. Kuchemsha maji ili gurudumu la shaba lizunguke bila kusaga wala kuvuta chochote kunaweza kuonekana kama israfu, yaani matumizi yaliyopita kiasi, na kuketi miezi 18 ukikwangua silinda kwa tupa kunaweza kuitwa upuuzi wa mtu mzima. Israfu kwa hakika haipo, kwa kuwa injini ya mezani hunywa glasi moja au mbili na shaba yake hutoka kwenye mabomba makuukuu ya friji na bilula zilizotupwa. Shutuma ya mchezo ndiyo inayostahili jibu. Al-Ghazali, ambaye hakuna anayeweza kumshutumu kwa uzembe, aliagiza kwamba mtoto anayetoka chuoni kusoma Qurani aachwe acheze mchezo mzuri, kwa kuwa kumnyima mchezo ni kuua moyo wake. Yanayosemwa juu ya moyo wa mtoto yana nguvu pia kwa mtu mzima aliyezungukwa na vitu vya kutumia tu. Simu, pikipiki na jenereta humtumikia mtu kwa sharti kwamba asiulize, na zikiharibika humpeleka kwa mwingine. Injini ndogo haimtumikii mtu kwa lolote, na kwa ajili hiyo humwacha huru kuuliza. Kuna ibada ambazo haziwezekani bila mikono kuwa na kazi isiyo na haraka, na makala haya hayaoni haya kuihesabu kazi hii miongoni mwa njia za ibada hizo.

Mackinnon Road, kando kabisa ya reli, pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mnyapara aliyetoka Bara Hindi wakati wa ujenzi. Inasimuliwa kwamba alipobeba kokoto za kutandika chini ya mataruma, karai halikukigusa kichwa chake bali lilielea juu yake kidogo, na hadi leo wasafiri wa barabara ya Mombasa husimama hapo kuomba dua na kutoa sadaka. Masimulizi hayo huitwa karama, yaani tukio ambalo Mungu humtukuza kwalo walii wake kwa kuivunja ada: karai ambalo kwa ada lingekaa kichwani, halikukaa. Kwa zaidi ya miaka 70 injini za mvuke zilipita mbele ya kaburi hilo, na wapitao walijifunza kuliona karai kuwa ni ajabu na treni kuwa ni mashine. Anayeifuata hoja ya al-Ghazali hadi mwisho wake hawezi kuridhika na mgao huo. Kama karai linaloelea ni tendo la Mungu nje ya ada, basi pistoni inayosukumwa ni tendo la Mungu ndani ya ada, na mtendaji hawi mdogo kwa sababu amelirudia tendo mara milioni. Huenda ni kinyume: ajabu ya mara moja humtaka mtu ashangae siku moja, na ada humtaka ashangae kila siku, jambo ambalo ni gumu zaidi na ambalo wachache huliweza bila kusaidiwa na kitu kidogo kinachozunguka polepole mbele ya macho.

Limebaki fungu la mwanadamu, ambalo Waash'ari waliliita kasb, yaani chumo: Mungu huliumba tendo, na mja hulichuma, likawa lake kwa nia na kwa hesabu ya siku ya mwisho. Wapinzani wao waliliona neno hilo kuwa gumu mno kueleweka, na ni kweli kwamba vitabuni ni gumu. Injini yenye silinda moja hulilainisha. Katika kila mzunguko zipo nukta mbili ambapo fimbo na mkono wa gurudumu hunyooka mstari mmoja, na mvuke, hata ukiwa na nguvu kiasi gani, husukuma moja kwa moja kwenye ekseli bila kuligeuza gurudumu upande wowote. Likiwa linakwenda, uzito wake hulivusha. Likiwa limesimama hapo, halina njia ya kuanza. Boila imejaa, kipimo kimepanda, valvu imefunguliwa, moto umefanya ada yake na maji yamefanya ada yake, na hakuna kinachotokea mpaka muundaji anyooshe kidole na kulisukuma gurudumu kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha.